Mtoro ni wa nani?

Juma hili nina deni la kulipa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Serengeti aliniuliza swali nikashindwa kumjibu papo hapo. Tulikuwa tumekaa chini ya mti nje ya ofisi ya walimu, kinasa sauti changu nimekwisha kukizima, naye akasema: "Ndugu mwandishi, mtoto anakuja shule siku mbili kwa juma. Mwisho wa mwaka anafeli. Amefeli yeye, amefeli babaye, au nimefeli mimi?" Aliomba nisimtaje jina wala shule yake, na ombi hilo ninaliheshimu.

Nilimjibu kwa kumuuliza na mimi swali, kama ilivyo desturi yetu waandishi tunapozidiwa. Lakini njiani, nikitoka Mugumu kwenda Tarime kwa barabara ya Nyamongo, maneno yake hayakuniacha. Suala lenyewe nililijua tangu utotoni, ila nililijua kutoka upande mwingine. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale waliotumwa kuwakamata watoro.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walipokuwa wengi waliweza hata kuanzisha vijiji vyao wenyewe, kama kile cha Fuladoyo, bara nyuma ya pwani ya Kenya. Neno hilo likaingia jeshini, likaingia katika mashamba ya mkonge, hatimaye likaingia shuleni na maana yake ikiwa nzima: mtu aliyekimbia mahali alipopaswa kuwapo, na dawa yake ni kumfuata, kumkamata na kumrudisha. Sisemi kwamba walimu wetu wa Mara waliyawaza hayo walipokuwa wakiandika majina ubaoni. Nasema tu kwamba neno lilikwisha kutoa hukumu kabla mtoto hajafungua kinywa.

Maana katika Tarime na Serengeti watoto wengi wasiofika darasani hawakimbii kitu. Wameshikiliwa. Wameshikiliwa na ng'ombe, na plau, na mdogo wao mgonjwa, na siku ya mnada.

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo jambo hili halikuwa kosa. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimenoni kutoka Marekani walifungua kituo chao cha kwanza Shirati, ambako leo ni wilaya ya Rorya. Shule za misheni za vijijini hazikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Mzazi alimtoa mtoto akitaka, akamchukua akitaka. Mwaka huohuo, upande wa kusini wa Mto Mara, kijana mmoja wa Butiama aliyekuwa akichunga mifugo alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kwa kanuni za sasa tungesema amechelewa kuandikishwa, tungemwita mzazi wake ofisini. Kijana huyo alikuja kuwa mwalimu wa sekondari Tabora na Pugu, kisha Rais wa kwanza wa nchi, na hadi leo jina lake la heshima ni la kazi ile ya ubaoni.

Ni serikali ya mchungaji huyo wa zamani iliyoyabadilisha mambo, na iliyabadilisha hapahapa mkoani kwetu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1973. Kikao cha Musoma kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto, ambayo mpango wa awali uliiweka mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ilifutwa kwa kikao kimoja. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa zaidi ya milioni 1.2 mwaka 1974, walivuka milioni 3 ilipofika 1980.

Walimu wa kuwafundisha walitoka wapi? Walitoka miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha saa chache kwa siku, wakajifunza ualimu saa zilizobaki, kwa masomo ya posta, kwa kusimamiwa na walimu wazoefu, na kwa vipindi vya redio. Sisi watu wa redio tuna haki ya kujivuna kidogo hapo, ingawa kuna waliocheka wakisema walimu wa UPE walifundishwa na betri. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na mmoja wao, na ninyi wasomaji mtaamua kama betri ile ilikuwa mbovu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978. Kifungu chake cha 35 kinataka kila mtoto aliyetimiza miaka saba na hajafika kumi na mitatu aandikishwe shule, na mzazi ahakikishe anahudhuria hadi amalize. Mtaona kwamba sheria ilimtazama mzazi. Lakini mahakama iko mbali na kijiji, polisi wako mbali, ofisi ya Elimu iko wilayani, na wahenga walikwisha kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mkononi mwa mwalimu. Jukumu ambalo sheria ilimtwika mzazi likashuka kimyakimya hadi kwenye makalio ya mtoto.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1988 katika shule ya kijiji kimoja wilayani Tarime, ambayo sitaitaja. Asubuhi, baada ya mstarini, mwalimu wa darasa alifungua rejista na kuita majina. Wasiowajua Wakurya hawajui shida ya kazi hiyo. Chacha Mwita alikuwa mmoja, Mwita Chacha alikuwa mwingine, na Mwita Chacha wa pili alikuwa binamu yake. Kina Marwa walikuwa wanne, kina Bhoke walikuwa sita. Mtu akiitikia "Nipo!" huwezi kuapa ni yupi, na walikuwapo mabingwa wa kuitikia kwa niaba ya wenzao, kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba. Aliyekuwapo aliwekewa mkwaju, asiyekuwapo aliwekewa sifuri. Mkwaju mmoja asubuhi, mwingine mchana.

Sifuri zikizidi, kiliundwa kikosi. Wasomaji wa rika langu wanakijua. Wavulana wa madarasa ya juu, wenye misuli, walitumwa alfajiri kwenda nyumbani kwa mtoro na kumleta. Tulikuwa na nyimbo zetu za kazi hiyo, na nakiri kwamba tuliipenda, kwa sababu siku ya kukamata watoro hatukuchota maji wala kung'oa visiki katika shamba la shule.

Mwaka 1993, nikiwa darasa la sita, tulitumwa kumleta mvulana ambaye nilikuwa nikikaa naye dawati moja. Tulimkuta kando ya kijito, na ng'ombe wa babaye kama kumi na wanane. Hakukimbia. Alisema tu tusubiri mdogo wake aje, kwani babaye alikwenda kuuguza ndugu. Hatukusubiri. Tulimbeba mzobemzobe, wawili mikono, wawili miguu, tukashuka naye mlimani tukiimba, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewaza kuhusu ng'ombe.

Ng'ombe nao hawakuhitaji kuambiwa. Waliingia katika mahindi machanga ya jirani. Ritongo ilikaa, yaani baraza la wanakijiji ambalo kwetu huamua mambo kama hayo, na mzee akatozwa mtamba. Wakati huohuo shuleni mwanawe alichapwa mbele ya mstari. Nchi yetu ina kanuni za adhabu ya viboko, na kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini, na viandikwe katika kitabu. Zilizokuwapo kabla ya hizo nazo zilikuwa na kikomo chake. Kilichopita pale mstarini hakikuwa na kikomo wala kitabu.

Juma lililofuata yule mzee alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisema shule imekwisha kumla mtamba mmoja na bado mtoto hajaweza kumwandikia barua shangazi yake aliye Mwanza, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Sifuri ziliendelea kuandikwa mbele ya jina lake hadi mwisho wa muhula. Baadaye ulipigwa mstari kwa wino mwekundu na kuandikwa neno moja: mtoro.

Nimesimulia hayo kwa urefu kwa sababu kila mtu katika kisa kile aliamini anatimiza wajibu wake. Mwalimu alitaka mtoto asome. Sisi tulitii. Ritongo ilitenda haki kwa mwenye mahindi. Baba alilinda mali ya nyumba. Wajibu wote ulitimizwa na mtoto akapotea.

Mwaka uliofuata tulipata mwalimu wa darasa mwanamke, mgeni kwetu, ambaye hakujua Kikurya hata salamu. Huyu hakutuma kikosi. Pembeni ya rejista aliweka kaunta buku yake mwenyewe, na kila asiyekuwapo alimwandikia siku na sababu, baada ya kuuliza ndugu zake na majirani zake. Nilikuwa kiranja, ndiye niliyembebea vitabu, kwa hiyo nilikisoma kitabu kile bila ruhusa. Kilisema hivi: kushika ng'ombe wa plau, mnada, kumlea mdogo wake, mama kajifungua, sare imefuliwa haijakauka, plau, plau, mnada.

Baada ya miezi miwili aligundua jambo ambalo walimu wenyeji, pamoja na kuwa wenyeji, hawakulitamka. Utoro wetu ulikuwa na kalenda. Mvua za masika zikianza, plau inatoka ndani, na mtu mzima anaposhika mpini lazima awepo mtoto wa kuwaongoza ng'ombe mbele. Siku ya mnada madawati ya nyuma yanakuwa matupu. Akaacha kufundisha mambo mapya ya hesabu siku ya mnada. Siku hiyo alirudia ya zamani. Kulikuwa na ndugu wawili wa nyumba moja, wote darasani kwetu, waliokuwa wakichunga kwa kupokezana. Alikwenda kwa baba yao, na mimi nikiwa mkalimani, wakapatana kwamba zamu zijulikane: huyu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yule siku zilizobaki, na juma linalofuata wabadilishane. Kila jioni aliyekuja shule alimfundisha aliyebaki machungani, na asubuhi mwalimu alimuuliza maswali yule aliyekuwa hayupo jana. Akishindwa, wa kujibu ni ndugu yake. Sijaona tena vijana wakigombana usiku kwa sababu ya sehemu.

Mnaweza kudhani mwalimu huyo alipewa zawadi. Mkaguzi wa elimu alipofika alifungua rejista ya darasa letu akakuta sifuri nyingi, maana mama yule aliandika ukweli. Akafungua ya darasa la jirani akaikuta safi kama kanzu ya Idi. Mwalimu wa jirani akapongezwa kwa kudhibiti utoro. Wa kwetu akaambiwa aongeze juhudi. Sisi tuliokuwa tukifagia barazani tulisikia, tukatazamana, kwa sababu tulijua fika kwamba lile darasa safi lilikuwa na watoto wachache kuliko letu.

Tangu siku ile siamini rejista isiyo na sifuri. Na ubaya wake umeongezeka kadiri rejista ilivyoanza kuhusishwa na fedha. Kufikia miaka ya 1990 wazazi walikuwa wanalipa tena, na watoto wengi walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada na michango, jambo ambalo ni utoro wa kulazimishwa na shule yenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliondoa ada na kuleta ruzuku kwa kila mwanafunzi. Watoto walimiminika: kutoka kama milioni 4.4 nchini mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kiwango kilichotajwa na Serikali kwa miaka mingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini mwalimu wangu wa Serengeti ana zaidi ya mia katika chumba kimoja. Kuita majina tu kunamla nusu ya kipindi. Mwaka 2016, baada ya elimu bila malipo kutangazwa kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, fedha ziliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na mwaka huohuo Serikali ikalazimika kuagiza uhakiki wa wanafunzi hewa. Mtoto aliyekuwa ameacha shule zamani alikuwa bado yupo kitabuni, akiwekewa mikwaju, akila ruzuku.

Mwaka ule wa 2002 ulileta na jambo jingine kwetu. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji Nyamongo. Tangu hapo sababu za kutokuja shule zilipata ndugu mpya: mawe. Walimu wa vijiji vinavyouzunguka mgodi waliniambia zamani zile, nikiwa mwandishi chipukizi, kwamba mtoto aliyeokota jiwe zuri usiku katika lundo la kifusi huja darasani na fedha mfukoni zinazomshinda mwalimu. Utamtishia mtoto huyo kwa nini? Kwamba asiposoma hatapata kazi? Wengine walikwenda na hawakurudi. Mei 16, 2011 watu wapatao watano waliuawa kwa risasi za polisi katika uvamizi wa mgodi, na huzuni ya siku ile haijaisha Nyamongo.

Upande wa Serengeti kuna tembo. Vijiji vilivyo mpakani mwa hifadhi hulinda mashamba usiku kwa moto, kelele na madebe, na watoto hukesha pamoja na wazazi. Asubuhi wanakuja shule, wanaitikia majina, kisha wanalala juu ya dawati. Rejista haina alama ya mtoto aliyelala. Nilimkuta mwalimu mmoja huko ambaye huwaacha walale kipindi cha kwanza kizima halafu huwaamsha kwa wimbo. Kanuni inasemaje sijamuuliza.

Nisiwasahau wasichana, ingawa wakati wa redio ni mfupi. Mwalimu wa Tarime au Serengeti akifungua rejista Januari baada ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, anajua anachokitafuta. Katika koo nyingi za Wakurya msimu wa tohara umekuwa ukiangukia Desemba ya miaka hiyo, baada ya wazee wa nchama kutoa ruhusa. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini desturi haikusoma sheria, na msichana aliyekeketwa huhesabiwa mwanamke wa kuolewa. Januari sifuri zinaanza, na mahari imekwisha kupangwa. Hapo mwalimu wa darasa ndiye mtu wa kwanza katika Serikali nzima kujua kwamba jambo limetokea, kabla ya mtendaji wa kijiji, kabla ya polisi. Wapo walionyamaza kwa kuogopa, maana wanaishi katika nyumba za kupanga za wazazi haohao. Wapo waliokwenda dawati la jinsia la polisi, na wapo waliowaelekeza wasichana kituo cha Masanga huko Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014, kabla ya Desemba kufika. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kesi hizo huanzaje? Mara nyingi zinaanza na sifuri ambayo mtu fulani aliiandika kwa uaminifu.

Sasa nirudi kwa mwalimu wangu. Nimekwisha kupekua sheria. Ya 1978 inamtaja mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya elimu na mzazi wajibu wa kumpatia. Kwa karatasi, mwalimu amesalimika. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna sheria inayoweza kumpa mzazi, nalo ni siku ya kurudi. Mtoto akikosa shule siku tisa, zile tisa ni za babaye, ni za plau, ni za tembo. Siku ya kumi anaposimama mlangoni, anayeamua kama kutakuwa na ya kumi na moja ni mwalimu peke yake.

Na tumewahi kuwapokeaje? Tuseme ukweli. "Karibu mgeni, umetuletea zawadi gani?" Darasa zima linacheka. Kisha kiboko. Kisha amri ile maarufu: "Rudi nyumbani, usije hapa bila mzazi." Mzazi mwenyewe yuko shambani, au yuko Sirari na mzigo, au anaogopa kuitwa kwa kuwa anadhani atadaiwa mchango. Basi aliyekosa siku tisa anakosa nyingine tano kwa amri ya shule iliyokusudia kuukomesha utoro. Nimewauliza walimu wakuu kadhaa wa wilaya hizi mbili kama wamewahi kuhesabu siku zinazopotea kwa "lete mzazi". Hawajahesabu. Mmoja alicheka, akasema hesabu hiyo itawaumbua.

Siwalaumu kutoka mbali. Mwalimu mwenye watoto mia hana nafasi ya kaunta buku ya kila mtoto, na mama yule wa mwaka 1994 alikuwa na arobaini na kidogo. Miaka ya 2014 hadi 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi mkoani Mara pia, ulianzisha ushirikiano wa wazazi na walimu, UWW, ili kila darasa liwe na wazazi wawakilishi wa kufuatilia mambo kama haya. Pale ulipopata wazazi wenye moyo, mwalimu alipata miguu ya kumsaidia kutembea. Na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, warudi katika mfumo rasmi. Waraka hufungua lango la shule. Mlango wa darasa, nimekwisha kusema, unashikwa na mtu mwingine.

Mwaka 2019, nikiwa katika mnada wa ng'ombe wilayani Tarime kwa kazi, nilisikia mtu akiniita kwa jina la utotoni. Alikuwa yule mvulana wa dawati langu. Sasa ni mzee mwenye tumbo na kofia, mfanyabiashara wa mifugo. Nilianza kutafuta maneno ya kuomba radhi, kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nimeyaandaa, akanikata kauli. "Mura," akasema, "wewe ndiye uliyeshika mguu wa kushoto." Akacheka sana. Mimi sikuweza.

Nilimuuliza kuhusu watoto wake. Wote wako shule, akasema, na kila Ijumaa akitoka mnadani hupita shuleni na kuomba aoneshwe rejista. Mwanzoni walimu walidhani anatafuta ugomvi. "Kusoma kwangu kulikomea pale mliponibeba," aliniambia, "lakini sifuri naijua." Akiiona mbele ya jina la mwanawe hamuulizi mtoto kwanza. Anamuuliza mwalimu: siku hiyo mlifundisha nini, na nani atamfundisha?

Juzi nilimpigia simu yule mwalimu wa Serengeti nimsomee haya kabla hayajarushwa hewani. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sehemu ya kaunta buku ataijaribu kwa madawati mawili ya nyuma tu, kwani zaidi ya hapo hawezi. Kuhusu mtoto wake yule wa siku mbili, nilimuuliza kama wiki hii amemwona. Akaniambia alikuja Jumatatu, akaja na Jumanne. Jumatano ilikuwa siku ya mnada.